Shali ya Kuvaa Melini

Juzi, kwenye duka la nguo mjini Nyeri, mwalimu mmoja kutoka Mweiga alikuwa akijaribu shali nyepesi ya hariri. Dada yake amemlipia safari ya meli kutoka Mombasa, na jioni watu hula wakiwa wamevaa rasmi. Mumewe alimkazia macho kutoka mlangoni.

"Huko ni joto. Shali ni ya nini?"

"Ndani ya meli iko mashine ya baridi, baba watoto."

"Nani alikwambia?"

"Dada."

Mume akaingia, akamsukumia shali nzito ya sufu. "Hii inafunika vizuri."

"Ati unaogopa nani ataniona?"

Mume akajifanya anasoma bei ya ile sufu.

"Dada alilipia tikiti mbili, yako na yangu. Nilikuwa nangoja uniulize nasafiri na nani."

Mume alirudisha ile sufu polepole, akaomba aonyeshwe tai. Sisi wanaume tunaweza kupeleleza kwa mwezi mzima ili tukwepe kuuliza swali moja.