Balozi na Tarehe ya Mwisho

Walimwita Balozi, naye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Ubalozi wenyewe ulikuwa meza moja, kompyuta na mashine ya fotokopi, chini ya ngazi za jengo linalotazamana na ofisi ya uhamiaji. Hapo aliwajazia watu fomu za viza miaka kumi na mmoja, na ushauri aligawa hata kwa wasiouomba. Ndege hajapanda. Mpaka hajavuka hata kwa miguu. Lakini ukimsikia akisema, "Nchi ile usiende na viza ya kuingia mara moja, utajuta," ungeapa amerudi jana.

Aliyemwamini kuliko wote ni dada yake mkubwa, mshonaji wa mashuka ya hospitali. Mwaka jana, binti yake aliyeolewa ng'ambo alipokaribia kujifungua, Balozi ndiye aliyejaza fomu, na viza ikatoka. Dada aliuliza jambo moja tu: "Nikae mpaka lini?" Balozi akaweka kidole kwenye tarehe yenye herufi nene, miezi mitatu mbele. "Mpaka hapa, dada. Kalee mjukuu, usibabaike."

Haya, mjuaji huyo! Tarehe ile ilikuwa ya mwisho wa kuingia. Siku za kukaa ziliandikwa pembeni kwa tarakimu ndogo: thelathini. Dada akakaa themanini, akifua nepi na kubembeleza mtoto kwa raha zake, na siku ya kurudi wakamweka kando pale uwanja wa ndege, wakamchukua alama za vidole kama mwizi. Alifika nyumbani analia. Balozi akaomba pasipoti, akaisoma taratibu, safari hii mpaka zile tarakimu ndogo, akaliona kosa lake. Akaifunga.

"Wale watu wana roho mbaya," alisema. "Sheria zao hubadilika hovyo."

Angesema kweli siku ile, yangekwisha siku ile. Hakusema. Kila dada alipowalaani wale maofisa, Balozi aliitikia, na kila alipoitikia roho ilimsuta. Akawa anamkwepa. Mara ana homa, mara mashine imeharibika.

Sasa yule binti anapasuliwa moyo wiki tatu zijazo, na mtoto hana wa kumshika. Dada aliomba viza tena, akanyimwa kwa barua: safari iliyopita ulizidisha siku, kama una maelezo, yalete ndani ya siku kumi. Asubuhi na mapema akaja nayo kwa mdogo wake. Wateja walikuwa wameshapanga foleni mpaka kwenye ngazi.

"Tuseme uliugua," Balozi alijaribu.

"Cheti cha daktari nitatoa wapi? Si wewe unayewaambia watu kila siku mficha uchi hazai? Andika ukweli."

"Ukweli upi, dada?"

"Kwamba nilikaa mpaka tarehe uliyonionyesha, sikuzidisha hata siku moja. Wao ndio waliokosea. Au sivyo, mdogo wangu?"

Alimwangalia kwa macho ya mtu asiye na shaka hata chembe. Bora angemzaba kibao. Balozi akainamia kompyuta akaandika, akafuta, akaandika. Kisha akamsomea: "Nilipotoshwa na ndugu yangu aliyenijazia fomu. Alinionyesha tarehe ya mwisho ya kuingia akidhani ndiyo ya mwisho wa kukaa. Kosa ni lake." Chini aliweka jina lake kamili, lile la wazazi, na namba ya simu.

Dada aliigeukia kompyuta, akajisomea mwenyewe.

"Umejua lini?"

"Siku ile uliporudi."

"Mwaka mzima unanisikiliza nikiwalaani watu wa Mungu, nawe unaitikia?"

"Niliona aibu, dada. Nisamehe."

Balozi akaichapisha barua. Dada alitia sahihi, akaikunja, akaitia kwenye mkoba. Aliposimama ndipo akaitazama ile foleni: mama mwenye pasipoti mpya mkononi, wachumba wawili wakichekeana, mzee aliyevaa suti kwa ajili ya picha tu.

"Na hawa?" akamuuliza, wala hakushusha sauti. "Miaka kumi na mmoja, Balozi. Wote uliowajazia, uliwaonyesha tarehe ipi?"