Mama mkwe alimfukia mwanangu mchangani ili atembee

Kwa heshima na taadhima, natangaza kwenu wafuasi wote wa ukurasa huu kwamba Jumanne, saa nne asubuhi, hapa Magomeni, Mtwara, mwanangu aliokota korosho moja kwa vidole viwili. Si kwa kiganja kizima kama anayekomba uji. Kwa gumba na cha shahada. Nikapiga vigelegele peke yangu, kisha nikamnyang'anya asije akakabwa.

Watoto wa majirani walianza hivyo kabla ya mwaka. Wangu ana mwaka na miezi saba.

Admini, ficha jina langu. Nina miaka ishirini na saba, nimeolewa, nimeishia kidato cha nne, mengine nimejisomea kwenye simu. Mtoto, tumwite Mudi, alizaliwa na ugonjwa unaofanya ute wa mwili uwe mzito kama gundi. Unaziba mapafu na kuzuia chakula kusagika. Jasho lake lina chumvi kupita kiasi. Ukimbusu paji la uso ni kama umelamba dagaa. Madaktari wa Dar walipima jasho hilo ndipo wakajua. Amechelewa kukaa, kutambaa na kusimama, maana mwili usioshiba, unaokohoa kutwa, utapata wapi nguvu za kujenga miguu? Mtaalamu wa mazoezi alinifundisha kumgonga mgongo makohozi yatoke, na kumwekea vitu mbali kidogo avifuate. Kila siku, polepole.

Kwa wakwe zangu polepole ni uvivu wangu. Choo cha Mudi kina mafuta na harufu kali, ndio ugonjwa wenyewe. Nikimbadilisha nepi wifi yangu anaziba pua kwa kanga. "Wifi, huyu unamlisha nini, ngisi wa juzi?" Wanacheka. Mume wangu naye anacheka, ingawa daktari alimweleza uso kwa uso kwamba ugonjwa huu mtoto kaurithi kwetu sote wawili.

Mwezi uliopita tulienda kwao Msimbati kwenye harusi. Nilikuwa jikoni namenya muhogo, mtoto nimemwacha kwa bibi yake. Kutoka nje, simwoni. Nikamkuta ufukweni, jua la saa saba, amechimbiwa shimo na kufukiwa mpaka kiunoni, mchanga umkaze miguu. Ndivyo wanavyowafanyia watoto wanaochelewa kutembea. Paji la uso lilikuwa jeupe kwa chumvi, kichwa kimelala upande, hata kulia halii. Bibi mtu yuko kivulini, anatafuna.

"Mama, huyu akitoka jasho jingi chumvi inamwishia mwilini. Anaweza kufa."

"Chumvi imwishie, na bahari yote hii?" akasema. "Baba yake nilimfukia hapahapa. Humwoni anavyotembea?"

"Namwona, mama. Kurudi nyumbani ndiko hakufundishwa."

Nikamfukua kwa mikono. Alitapika, nikamnywesha maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko mpaka jioni, ndipo macho yakarudi. Mume wangu hakuuliza mtoto anaendeleaje. Alisema, "Umemdhalilisha mama yangu mbele ya wageni."

Sasa wameamua Mudi akakae Msimbati mwezi mzima, afukiwe kila siku mpaka atembee. Mama mkwe amefika juzi kumchukua, wanaondoka Jumamosi. Nikikataa, mume kasema nirudi kwetu Nanyamba, mtoto abaki. Dawa za kusaga chakula hawajui hata zinatolewa saa ngapi.

Mnaosoma, hasa mliowahi kutoroka na mtoto mgonjwa, nishaurini kabla ya Jumamosi. Nimchukue niondoke naye, au nibaki nipigane humu ndani?

Nilisahau. Jana Mudi alitembea hatua tatu peke yake, mara ya kwanza. Alikuwa anamfuata bibi yake.