Malka Kando ya Shamba la Nyanya

Mjomba alinipigia simu akaniambia nije Garsen, maana mambo ya ardhi hayazungumzwi kwa simu. Mimi naishi Malindi, naye ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki, basi nikapanda basi la asubuhi. Jambo lenyewe nililijua kabla sijafika. Alitaka kujenga vyumba vya kukodisha pale kwenye malka, na hangeweza kujenga bila kauli yangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyesimama mahali pa marehemu mama. Njia nzima nilikuwa nimeshaamua kumkatalia.

Ngoja nikueleze malka ni nini, maana siku hizi hata watoto wa Garsen ukiwauliza watakutazama tu. Kando ya mto Tana kuna mashamba, na nyuma ya mashamba ni mbuga ya wafugaji. Ng'ombe lazima wanywe, na kati yao na maji kuna migomba yetu na mahindi yetu. Kwa hiyo wakulima waliacha njia baina ya shamba na shamba, pana kiasi cha kundi kupita bila kusukumana, ikashuka moja kwa moja hadi majini. Hiyo ndiyo malka. Haikuwa na mwenyewe na haikupandwa kitu. Ya kwetu ilipita ubavuni mwa shamba la nyanya, mzaa mama, na utoto wangu wote uko hapo.

Kazi yangu ilikuwa kuamia mpunga. Nilikaa juu ya dungu, kijukwaa cha miti alichonijengea nyanya, nikagonga debe kutwa kufukuza ndege. Ndege wale hawana haya. Ukiwafukuza huku wanatua kule, halafu wanakutazama. Nikiwa huko juu nilisikia kundi kabla sijaliona: kwanza mluzi wa wachungaji, kisha vumbi, kisha ile harufu ya ng'ombe wenye kiu. Nyuma yao alikuja mama wa maziwa. Tulimwita hivyo tu. Alikuwa Mworma, mke wa mwenye kundi, mrefu na mkali wa maneno. Kila alipopita alimwachia nyanya kibuyu cha maziwa, naye nyanya akamjazia kikapu ndizi au mpunga. Hawakupimiana. Kile kibuyu kilifukizwa moshi kabla ya kutiwa maziwa, na moshi ule ulibaki mdomoni. Nyanya alimimina maziwa juu ya wali wa moto, tukala kwa mkono hadi sahani ikang'aa. Nimekula mahoteli mengi tangu hapo na wali wa namna ile sijaupata. Usinicheke.

Mama wa maziwa alikuwa na binti, hirimu yangu. Alipanda dunguni tukagonga debe kwa zamu, na kwa kelele yeye alinishinda mbali. Aliniita mtu wa ndizi, nami nikamwita mtu wa mkia wa ng'ombe, na hakuna aliyekasirika. Sisemi watu wa mto na watu wa mbugani tulipendana siku zote. Kulikuwa na miaka mibaya, watu wakafiwa pande zote mbili, na sitaki kuipaka rangi miaka ile. Nasema tu kwamba pale kwetu palikuwa na utaratibu, na ulifuatwa.

Utaratibu ulikuwa hivi. Mafuriko yakija, mto hufunika kila kitu, na maji yakiondoka huacha tope laini tupu, hujui shamba linaishia wapi. Kila mkulima ana haraka ya kupanda kabla tope halijakauka. Lakini karibu na malka hakuna aliyetia jembe hadi kundi lishuke mtoni mara ya kwanza. Ng'ombe wakishapita, nyanya alisimamisha miche ya migomba pande zote mbili za nyayo zao, na hapo ndipo palipokuwa mwisho wa shamba hadi mafuriko mengine. Hakukuwa na kamba wala mpima ardhi.

Mwaka mmoja mjomba, wakati huo kijana asiyeweza kukaa kitako, alichoka kungoja. Nyasi zilikuwa nyingi mbugani na wachungaji wamechelewa. Akapanda mahindi yake hadi pale alipodhani ndipo mwisho wa shamba. Mahindi yakafika magotini, ndipo kundi likaja, nalo likapita palipoteremka vizuri, yaani katikati ya mahindi. Mjomba alitoka na panga. Mume wa mama wa maziwa naye alikuwa na fimbo yake, na vijana wake nyuma. Mimi niliogopa kweli, nikalishika debe nisiweze kuligonga. Nyanya akaja hata hajavaa viatu, akasimama kati yao, akamwambia mwanawe mbele ya watu wote:

"Ng'ombe hawana kosa. Umepanda kabla hawajapita, umepanda njiani."

Kisha akamwamuru ang'oe mahindi yaliyosalia kwa mkono awape ng'ombe wale. Aling'oa. Alimnunia nyanya hadi mavuno, na sidhani aliwahi kuisahau siku hiyo. Nyanya mwenyewe, katika ugonjwa wake wa mwisho, alimshika mama mkono akamwambia njia ya watu isifungwe. Mama alikubali, nami nilikuwa nimekaa pale kitandani nikisikia. Mama alipofariki, neno lile likaniangukia mimi.

Sasa nimeshuka stendi, na Garsen siijui. Palipokuwa na mpunga kuna mabati, kuna karakana za bodaboda, kuna mnara wa simu. Ukingo wa mto umeporomoka kwa kuchotwa mchanga wa kujengea. Viwanja vilipopimwa, malka ilitiwa ndani ya shamba letu, hakuna aliyeuliza ng'ombe. Mjomba si mtu mbaya, nakuambia ukweli. Kazeeka, watoto wake wamesoma na hawana kazi, na walimu na madereva wanatafuta vyumba kila siku. Akaniambia shamba linamlisha mto ukitaka, chumba kitamlisha kila mwezi. Nikamuuliza ng'ombe wapite wapi. Akacheka, akasema nikawaulize wenyewe.

Nikaenda. Binti wa mama wa maziwa ana kibanda cha chai karibu na stendi, miti minne na turubai. Alinikumbatia, akaniita mtu wa ndizi, tukacheka hadi wateja wakageuka. Mama yake hayupo tena. Nikamweleza, na kwa fahari kabisa, kwamba nimekuja kuitetea njia yao na mjomba hatapata kauli yangu. Alinisikiliza huku akifuta meza.

"Ng'ombe gani, dada? Ng'ombe ilikwisha na jua."

Akanieleza polepole, kama mtu anayempa mgeni habari. Ukame ulilimaliza kundi. Ndugu zake wenye ng'ombe wachache waliobaki wamehamia mbali huko chini, wananyweshea kwingine. Mwanawe anaendesha bodaboda. Chai aliyonimiminia ilikuwa na maziwa ya pakiti, na nilikunywa yote.

Tulitembea pamoja hadi malka. Mathenge imeota kote, miiba mitupu, na takataka za mji zimenasa humo. Niliumia, sikufichi. Miaka yote hii nilidhani namlindia yeye kitu, kumbe kitu chenyewe nilikihitaji mimi peke yangu, mimi nisiyeishi hapa wala kuwa na ng'ombe hata mmoja. Kile kilichopotea kwetu hakikungoja mjomba ajenge ndipo kipotee. Mwenzangu huyu aliyajua hayo zamani, na alikuwa amekwisha kuyalilia.

Hakuutazama mto. Alipima kwa macho kutoka mwembe wa jirani hadi kwenye lami, akaniuliza mjomba atajenga vyumba vingapi, na kama kimoja kinaweza kuwa cha biashara, kwa sababu turubai lake linavuja.

"Mwambie mjomba yako ajenge," alisema. "Mimi nataka kile cha mwisho. Mlango uangalie barabara."