Sanduku Lililoimba Bila Kuuliza

Juzi nilikuwa nikisafisha stoo ya duka langu hapa Migori, katoni ya kaseti ikapasuka chini, zikamwagika hadi kwenye lami. Mwendesha boda mmoja aliokota moja, akaigeuzageuza, akaniuliza kama ni mtego wa panya. Mjukuu wangu anayesoma chuo Rongo alicheka mpaka akakaa chini.

"Dani," akaniambia, maana hivyo ndivyo sisi huwaita nyanya zetu, "hata hii digitali yako itafika hapo. Wanasema kompyuta zijazo zitatumia mwanga badala ya umeme. Nyimbo zote za dunia zitaenea kwenye tone la maji. Sasa wewe uliyezika mashine nyingi hivi, unaona nini kitafuata?"

Alimuuliza mtu anayefaa. Shule niliiacha darasa la tatu, lakini nyumba zangu, ng'ombe wangu na karo ya huyo mjukuu vimetoka kwa sauti. Nimekodisha muziki kwa matanga na harusi tangu enzi za santuri, nikaja kwa redio-kaseti, kisha CD, flash, na sasa laptop yenye spika za kutikisa mabati. Kila mashine niliinunua wakati wengine bado wanaicheka. Kwa hivyo jibu ninalo, na wewe msomaji nitakupa pia, ila utanifuata kwanza mpaka Homa Bay, kando ya ziwa, kwenye boma la nyanya yangu.

Boma lile ungelijua kwa pua kabla ya macho. Omena, dagaa wetu wa ziwani, zilianikwa juu ya nyavu kuukuu, na kazi yetu sisi wasichana ilikuwa kuzigeuza na kuwafukuza kuku. Asubuhi tulisikia jiwe la kusagia mtama likikwaruza, kisha uji mchachu ukaja katika kibuyu, moto wa kuunguza ulimi. Nyanya hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisema mtu akikupa chakula bila kuuliza kama umeshiba, amekulisha kama mbuzi.

Msimu ninaoukumbuka ni ule mwanawe wa mwisho alipozama. Alikuwa mvuvi. Mtumbwi ulipatikana umepinduka upande wa kisiwa cha Takawiri, yeye hakupatikana. Wanaume walimtafuta mpaka wakachoka, na wazee wakasema basi, azikwe kwa desturi. Kwetu mtu asipopatikana huzikwa tunda la yago mahali pake, lile refu zito linaloning'inia kama mguu. Unalifunga kwa nguo yake, unalichimbia kaburi, naye anajua amefika nyumbani. Lakini lazima aitwe kwa jina, kwa wimbo, mbele ya watu. Bila hivyo umezika tunda tu.

Kuita jina ilikuwa kazi ya mpiga nyatiti, zeze letu la nyuzi nane, wa kilima cha pili. Safari hii baba mkubwa, kaka wa marehemu, alikataa asiitwe. Yule mzee, alisema, anakula sana na anajiona. Mwalimu wa shule yetu alikuwa na gramafoni, mtu mwema, na alijitolea kuileta bure. Ikaletwa kwa baiskeli, imefunikwa shuka. Nilikuwa sijawahi kuona kitu kinachong'aa vile. Ilinuka mafuta ya cherehani. Mwalimu alizungusha mpini wa gramafoni, akashusha sindano, na mtu akaanza kuimba ndani ya sanduku. Watu wazima waliacha vikombe.

Sasa, katika ngoma zetu msikilizaji ana haki ya kumsimamisha mpigaji. Unainua mkono, unamtunza kwa pesa kidogo, anakaa kimya, nawe unajisifu na kusifu watu wako mpaka utosheke. Baba mkubwa akainua mkono mbele ya gramafoni.

"Simama hapo. Mimi hapa ni dume la boma hili."

Sanduku likaendelea.

"Nimesema simama."

Shangazi mmoja akasema, "Mtunze kwanza, bahili wewe. Unataka akunyamazie bure?"

Baba mkubwa akatoa sarafu, akaiweka juu ya ile sahani iliyokuwa inazunguka. Sindano iliruka, wimbo ukakwaruza kama jongoo kwenye kikaango, sarafu ikarushwa mpaka kwenye majivu. Tulicheka, ingawa ni matanga. Mwalimu aliifuta santuri kwa shati lake.

Nyanya hakucheka. Alikuwa ameketi kando ya lile tunda, ameliwekea mkono.

"Mwalimu," akasema, "mwambie amtaje mwanangu."

"Mama, huyu hawezi. Aliimba zamani, mbali. Sauti yake imefungiwa humu."

"Basi mfungulie, nimweleze."

"Hakuna mtu ndani, mama."

"Kama hakuna mtu, tunda hili halishuki."

Kaburi lilikuwa tayari, jua linachoma, wageni wanaangalia njia. Baba mkubwa alibembeleza, akakemea, akabembeleza tena. Nyanya alivuta lile tunda mapajani mwake kama mtoto anayenyonya. Mwisho ni mwalimu aliyechukua baiskeli yake.

Walirudi wawili juu ya baiskeli moja, mpiga nyatiti nyuma, chombo mgongoni, miguu mirefu ikiburura vumbi. Aliposhuka aliangalia gramafoni.

"Mgeni wenu amechoka?"

"Hajachoka," mwalimu akajibu. "Ila yeye hatujui sisi."

Mzee akaketi kwenye kigoda, akavaa pete yake ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, ila hakupiga. Alimgeukia nyanya, akamwita binti wa ukoo wa kwao.

"Nyar Karachuonyo, alikuwa anakulaje?"

"Hali mkia wa samaki. Anasema ni wa paka."

"Akikasirika?"

"Anapiga mluzi."

"Nani alimuogopa?"

"Hakuna. Hata kuku."

Hapo nyanya akacheka, akalia, vyote kwa pamoja, na mzee akaanza. Pete ikagonga mti wa nyatiti, nyuzi zikafuata, na baba yangu mdogo akaingia uani: mpiga mluzi, mkataa mkia, asiyeogopwa na kuku, na jina lake likaitwa, likaitwa tena. Baba mkubwa aliinua mkono. Wimbo ukakatika palepale. Tulitegemea ajisifu. Akasema, "Mimi ni kaka yake," akashindwa kuendelea, na mzee akamngojea mpaka akakaa.

Kisha nyanya akainuka na kulikabidhi tunda. "Shusheni. Amefika."

Mjukuu wangu aliposikia hayo alitoa simu, akaandika jina la huyo baba mdogo, na simu ikamtungia wimbo papo hapo. Sauti tamu, sikatai. Ilisema alikuwa mtu mwema, mchapakazi, aliyependwa na wote.

"Haijauliza kitu," nikamwambia.

"Itafunzwa, Dani."

"Sawa. Na itafunzwa." Naamini hivyo kabisa. Iwe ya mwanga au ya tone la maji, mashine itakayozika hizi zangu ni ile itakayokaa na mama na kumuuliza mwanawe alikulaje, na kunyamaza mtu akiinua mkono. Nikiwa hai nitakuwa wa kwanza kuinunua Migori nzima.

Boma lile leo ni shamba la mtu mwingine. Mpiga nyatiti alikufa bila mwanafunzi, na katika matanga ninayokodishia spika, nyimbo huanza asubuhi zikaisha jioni, hakuna anayejua kwamba aliwahi kuwa na haki ya kuzisimamisha. Nimemwachia mjukuu agizo moja. Siku yangu ikifika na mashine hiyo bado, wasinishushe kwa wimbo wa simu. Watafute mtu wa kuuliza, hata kama ni mbali, na wageni wangoje juani. Kwa nyanya tulingoja, na hakuna aliyekufa kwa kungoja.