Kuita Ng'ambo

Juzi mdogo wangu, anayekaa na mama Kihonda, alinitumia ujumbe kwenye simu: "mama kaanguka". Basi. Hakusema kaangukia wapi wala ana hali gani, na hata nukta ya kunijulisha kwamba habari imeishia hapo hakuweka. Nikapiga, simu imezimwa. Nikatoka Dodoma na kandambili miguuni.

Nilimkuta mama mkekani anamenya viazi vitamu, kifundo cha mguu kimefungwa kitambaa, anashangaa nani kaniita.

"Chaji iliisha, dada," mdogo wangu akasema.

"Chaji haikukuzuia kuanza," mama akamjibu. "Bibi yenu angekukomesha."

Kweli, angekoma mtu. Utotoni tuliishi kwa bibi huyo, mzaa mama, juu kwenye milima ya Uluguru, ukipanda mlima kutoka Mkuyuni. Nyumba yetu ilikuwa upande huu wa bonde, ya jirani upande ule, na katikati mto. Tulisikia kinu chake kikitwanga, na siku za upepo tulijua kama maharage yake yameungua. Lakini kumfikia ilikuwa kushuka na kupanda mpaka magoti yakuombe radhi. Kwa hiyo watu waliitana ng'ambo kwa ng'ambo.

Usidhani ilikuwa kupiga kelele tu, rafiki yangu. Unaita kwanza, unanyamaza mpaka uitikiwe. Unasema jambo moja, fupi, unanyamaza tena, na wa ng'ambo analirudia ujue limefika. Ndipo unaleta la pili. Mwisho unasema "Nimemaliza!" naye anajibu "Nimepokea!" Sisi watoto tulimwaga yote kwa pumzi moja, bonde likaturudishia vurugu tupu. Bibi alicheka: "Uji umeshaumwaga, sasa nani atakunywa?"

Masika moja mama alikwenda kuuza ndizi sokoni Mkuyuni. Mchana mto ukajaa. Mimi na bibi tulikuwa tunachuma mboga bondeni tulipoona maji yakilibeba gogo tulilovukia. Tukapanda mbio hadi uwanjani kwetu, na kule ng'ambo nikaiona kanga ya mama ikishuka kwenye njia inayopita kwa jirani. Pale migomba ilikuwa mingi, hakuna aliyeweza kuuona mto mpaka aukanyage. Na mvua ilikuwa inaanza tena.

"Bibi, mwambie upesi!" Nililia.

"Nyamaza. Kilio chako hakivuki mto."

Akaweka viganja mdomoni. "Jirani weee!"

Kimya. Mama anashuka.

"Eeee!" Jirani akaitika.

"Gogo limekwenda na maji!"

Bibi akanyamaza. Mungu wangu, ule unyamavu! Nilimvuta kanga aongeze neno, hata moja, naye akanishika bega kwa nguvu, macho ng'ambo.

"Gogo limekwenda na maji!" Sauti ya jirani ikarudi.

"Binti yangu yuko njiani kwako!"

"Binti yako yuko njiani kwangu!"

"Mzuie, alale hapo!"

Jirani hakurudia. Tulimwona akikimbia, kitambaa cha kichwa kikaanguka, kisha kanga mbili zikasimama pamoja njiani. Ndipo ikaja: "Nimemzuia!"

"Nimemaliza!" Bibi akasema, na hapo hapo akakaa chini kwenye matope.

Sasa juu ya bonde lile kuna mnara wa simu. Bibi na jirani wamezikwa, kila mmoja upande wake. Nilipopita mwaka huu watu walikuwa wanaongea na simu zao, na hakuna aliyemwitikia wa ng'ambo.

Niliporudi Dodoma, simu ikalia. Mama. Ameandika: "Mwanangu." Na nukta yake. Baada ya hapo kimya. Miaka yote tabia hii ilinikera, nikidhani anasumbuliwa na vitufe, na mara nyingi nilimwacha hivyo hivyo mpaka jioni. Safari hii nikaandika: "Abee, mama."

"Mguu hauumi tena."

"Mguu hauumi tena," nikarudia.

"Viazi vimebaki, ningekufungia."

"Viazi vimebaki, ungenifungia."

Nikasubiri aandike kwamba amemaliza. Hakuandika. Nami sikumkumbusha.