Kiti Kilichomngoja Binti Mfalme

Hetty Pickersgill alikuwa mfupi, na ufupi huo ndio uliomponza. Jumba zima la Scarholme lilipinduliwa chini juu kwa sababu Binti Mfalme Philippa, shangazi yake Mfalme, alikuwa anakuja kula chakula cha mchana. Mapazia yalifuliwa, kwato za farasi zikapakwa mafuta, hata makaa ya mawe ya sebuleni yalipigwa brashi, haki ya Mungu. Watumishi walitakiwa kupangwa kwenye ngazi za mbele kumlaki mgeni, na Bibi Mkubwa, yaani Ledi Wensby mwenye jumba, alitaka wasichana wa vyumbani walingane vichwa. Akapita akiwapima kwa mwavuli wake. Alipofika kwa Hetty, mwavuli ulielea hewani.

"Huyu ananiharibia mstari," akasema. "Bi Ackroyd, siku hiyo mtie huko juu, asionekane."

Bi Ackroyd, mkuu wa watumishi wa kike, alimvuta Hetty pembeni. "Umesikia? Ukikutana na mgeni, geuza uso ukutani, kama siku zote mnapokutana na wakubwa. Akikuona, unafungasha siku hiyo hiyo, na barua ya sifa zako siandiki."

Bila barua hiyo hakuna nyumba nyingine ambayo ingemchukua, na mama yake mjane alikula kwa mikono ya Hetty. Kwa hiyo akajibu, "Ndiyo, Bi Ackroyd," huku rohoni anafoka. Asugue jumba mpaka vidole vichubuke, halafu asione hata kofia ya mgeni!

Kilichomuuma zaidi ni kile choo. Bibi Mkubwa alijengesha huko juu choo kipya cha kuvuta kwa ajili ya Binti Mfalme, bakuli lina maua ya buluu, na kiti cha mahogani kimechongwa na seremala wa jumba, mzee Blenkin. Hakuna aliyeruhusiwa kukikalia. Bwana Mkubwa mwenyewe alifukuzwa mlangoni na gazeti lake mkononi.

"Kila asubuhi nakiogesha kama mtoto," Hetty alimlalamikia Blenkin, "na sitakikalia hata mara moja?"

"Koma wewe! Hicho ni cha makalio ya kifalme."

"Kwani yao yana nini?"

Mzee akacheka mpaka akapaliwa.

Siku ikafika. Watumishi wote wakatoka kupangwa ngazini, jumba likawa kimya. Hetty alisimama mbele ya kile choo na kitambaa chake cha vumbi, akatazama huku, akatazama kule, akaingia. Kidogo tu, alijiambia. Na kama ni kujaribu, basi ajaribu kifalme: akapandisha sketi na vyote vilivyokuwa chini yake, akaketi. Raha iliyoje! Akanyoosha shingo, akayapungia mkono mataulo.

Maskini, hakujua kwamba jana yake jioni Bibi Mkubwa aliona kiti haking'ai vya kutosha, akamwamuru Blenkin akipake vanishi tena. Blenkin alisema kwa unyevu huu haitakauka. Akajibiwa kwamba itakauka, kwa kuwa Binti Mfalme anakuja. Na nyumba nzima ilinuka rangi, sasa Hetty angenusa nini?

Gari likanguruma nje. Hetty akainuka, na kiti kikainuka naye.

Alivuta, akajipinda, akasali. Wapi! Akaketi tena. Sauti ya Bibi Mkubwa ikaja ujiani: "Ni hapa, Mtukufu. Nitakungoja chini." Mlango ukafunguka, akaingia mama mmoja mzee, mnene, mwenye kofia ya manyoya na haraka usoni. Hetty akafanya jambo pekee alilofundishwa: akageuza uso ukutani.

"Mwanangu," mgeni akasema, "unatazama nini huko?"

"Sitazami kitu, Mtukufu. Ni desturi. Mimi sionekani."

"Mbona nakuona vizuri sana? Hebu inuka, mwenzio nimebanwa. Tangu stesheni wananihutubia."

"Siwezi, Mtukufu. Nimeganda."

Binti Mfalme akainama, akanusa. "Vanishi!" Akacheka mpaka manyoya ya kofia yakatikisika, kisha akakitazama tena kile kiti. "Mungu wangu. Ningekuwa mimi! Wangeniitia seremala." Akavua glavu, akamshika Hetty mikono yote miwili. "Uma aproni. Haya!"

Uchungu wake usiuombe. Hetty aliona nyota mchana kweupe.

"Pole, mwanangu. Sasa nionyeshe chenu kiko wapi, upesi!"

Wakashuka kwa ngazi za watumishi mpaka ua wa nyuma. Binti Mfalme akajifungia katika kibanda cha mbao, na Hetty akalinda mlango akitazama banda la nguruwe. Mgeni alitoka ametulia kabisa.

"Sikukuona," akasema.

"Hata mimi sikukuona, Mtukufu."

Jioni, mgeni alipokwisha kuondoka, Bi Ackroyd alipiga ukelele huko chooni. Watumishi wakaitwa wote. Juu ya kiti, katika vanishi iliyokauka, zilikaa alama mbili za mviringo, safi kama zimekandwa kwenye unga. Hetty alimwona akilini mama yake na sahani tupu.

Bibi Mkubwa alisimama mlangoni, mkono kifuani. "Asikiguse mtu," akanong'ona. "Hizi ni zake Mwenyewe!"

Blenkin akaziangalia alama, akamwangalia Hetty, ambaye hakuwa ameketi tangu mchana, akaomba ruhusa akakohoe nje.

Kamba ya mahameli nyekundu ikafungwa. Wageni wa kuaminika waliletwa huko baada ya chai, wakishusha sauti. Askofu mmoja alivua kofia. "Umbo la kifalme hulikosei," Bibi Mkubwa aliwaambia. Kazi ya kukipangusa kiti alipewa Hetty, kwa kuwa mfupi hahitaji kuinama sana, naye akaifanya miaka yote aliyokaa Scarholme. Kila wageni walipomkuta humo, aliweka kitambaa chini, akageuza uso ukutani kama desturi inavyotaka, na kuwapa mgongo. Walisimama hapo wakizistaajabia alama, na mwenye alama amewaelekezea makalio yenyewe, na hakuna hata mmoja aliyeyatambua.