Keziah Hakufa kwa Homa

Ardith Pruett alipika katika jiko la shule moja huko Nebraska kwa miaka thelathini na mmoja. Alipostaafu, mumewe alikuwa keshazikwa na nyumba ilikuwa kimya mno. Ndipo akaanza kufukua habari za ukoo wake.

Alianza na Asahel, baba wa babu yake, aliyefika na gari la maksai mwaka 1871 na kujenga nyumba ya mabonge ya udongo. Akina Pruett wote walikua wakisimuliwa habari zake: alivyoshinda theluji, alivyoshinda nzige. Picha yake ilining'inia kwa Dwight, mdogo wake Ardith, aliyebaki na shamba. Katika Biblia ya ukoo, mbele ya jina la Keziah, binti mkubwa wa Asahel, palikuwa na neno moja tu: homa.

Lakini sensa ya 1880 ilimkuta Keziah mbali na kwao, nyumbani kwa mtu aitwaye Lemuel Stroud. Miaka kumi na mmoja, mtumishi.

Ardith akaendesha gari hadi mahakama ya wilaya. Karani, msichana mwenye miwani, alirudi kutoka stoo na bahasha, uso umembadilika.

"Mama, huu ni uchunguzi wa kifo. Una uhakika unataka kuusoma?"

"Nimesugua masufuria ya watoto mia tatu kila siku, mwanangu. Sizimii ovyo."

Hakuzimia, ila alisoma akiwa ameshika meza. Keziah alikutwa ghalani kwa Stroud, Januari 1881, bila viatu, miguu imekuwa myeusi kwa baridi. Stroud alisema walimlaza huko kwa sababu alikuwa akikojoa kitandani. Asahel naye alieleza kwamba nzige walipomaliza shamba mwaka 1876, alimtoa mtoto kwa magunia ya mbegu za ngano, akatumike mwaka mmoja. Aliulizwa: mbona hakumfuata? Alikuwa ameshazoea kule, alijibu. Je, angeuchukua mwili? Barabara ilikuwa mbaya. Akatia sahihi kwa mwandiko mzuri sana.

Jioni hiyo Ardith alimkuta Dwight akipanga viti vya sherehe ya ukoo, miaka mia moja na arobaini juu ya ardhi ileile. Akampa nakala. Dwight alisoma akiwa amesimama, kisha akamrudishia.

"Njaa ilikuwa inawaua, dada. Wewe ungefanyaje?"

"Ningerudi kumchukua. Mwaka 1879 walivuna, Dwight. Walivuna hadi akanunua farasi."

"Nani kakwambia?"

"Si wewe? Farasi mweusi wa Asahel, unayemsifia kila Krismasi!"

Dwight akahamisha kiti ambacho hakikuhitaji kuhamishwa. "Watu themanini wanakuja Jumamosi. Usiniharibie."

"Siharibu kitu. Mtakaposoma majina ya marehemu wa ukoo, nataka na lake lisomwe."

"Hapa kwangu halisomwi."

Jumamosi hiyo Ardith hakwenda kwenye sherehe. Alikwenda palipokuwa kwa Stroud, ambapo sasa ni mahindi matupu mpaka upeo wa macho. Alipoulizia kaburi, mwenye shamba, mzee mpole, alimwonyesha kwa kidole.

"Babu alisema palikuwa na makaburi mawili matatu huko katikati. Aliyalima. Siku hizo hakuna aliyeuliza."

"Naweza kuweka jiwe?"

"Trekta litaligonga, mama. Samahani."

Alisimama kwenye ukingo wa shamba mpaka jua likamuunguza shingo. Alitaka kulia, lakini machozi hayakuja. Kilichokuja ni hasira, na hakuwa na mtu aliye hai wa kumtolea.

Krismasi ile Dwight alituma kadi isiyo na neno hata moja. Ardith aliiweka mezani, akarudi kwenye karatasi zake. Akina Pruett alikuwa amewaacha. Sasa alikuwa akiwatafuta akina Stroud, ajue kama baada ya Keziah walichukua mtumishi mwingine.

Katika orodha ya sensa ya 1885 alimpata. Jina lake Lovina, miaka tisa.